Jeni moja, urefu tofauti: utumie njia gani kupima marudio ya DNA ya nzi wa matunda?

Mdogo wangu mmoja anayeanza shahada ya uzamili alinipigia simu jioni, sauti imejaa wasiwasi. Ana chupa za nzi wa matunda kutoka sehemu tatu, ana fedha kidogo za utafiti, na amesoma kwamba jeni ileile inaweza kuwa fupi kwa nzi mmoja na ndefu kwa mwenzake wa spishi hiyohiyo. "Kaka, nichukue mashine gani?" Nikamwambia mashine ingoje kwanza. Wewe unatafuta tofauti ya besi ngapi, yaani herufi ngapi za DNA? Kumi na nane? Elfu tano? Milioni? Alinyamaza kidogo, kisha akacheka: "Hilo hata msimamizi wangu hajaniuliza."

Simu ile ndiyo iliyozaa ulinganisho huu.

Kwanza tusichanganye nzi. Simzungumzii yule mkubwa anayetoboa maembe, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuwatia hasara wakulima tangu hapo. Namzungumzia yule mdogo mwenye macho mekundu, urefu wake milimita mbili na nusu au tatu hivi, anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni kwako: Drosophila melanogaster. Sifa yake ilijengwa New York, kwenye maabara ya Thomas Hunt Morgan, lakini kwao ni kusini mwa Afrika. Nzi wa Zambia wana utofauti mkubwa wa vinasaba kuliko wa Ulaya na Marekani, na kwenye vilima vya Matobo, Zimbabwe, watafiti wamewakuta porini wakifuata matunda ya mng'ongo.

Jeni hurefukaje?

Kuna njia tatu kubwa. Ya kwanza ni kuteleza. Kimeng'enya kinachonakili DNA kikipita mahali penye maneno yanayofanana, uzi mpya unaweza kuachia na kushika tena hatua moja nyuma au mbele, na nakala ikatoka na rudio moja la ziada au pungufu. Ya pili ni ubadilishanaji usiolingana: kromosomu mbili hubadilishana vipande wakati mayai yanatengenezwa, na kama marudio yamekaa upogo, moja huondoka na ziada na nyingine na upungufu. (Kwa nzi huyu, hilo kwa kawaida ni jambo la majike. Kromosomu za madume hazibadilishani vipande kwa mtindo huo.) Ya tatu ni transpozoni, DNA inayojipachika yenyewe katikati ya jeni isiyo yake bila kuomba ruhusa.

Ugumu wa kupima ni mmoja kwa zote tatu. Chukua karatasi ya wimbo wa taarabu wenye beti nne na kiitikio. Ikate vipande vya maneno matatu matatu, vichanganye, umpe mtu avipange upya. Beti atazipanga, kwa sababu kila ubeti una maneno yake. Kiitikio kitamshinda. Maneno anayo yote, lakini hajui kiliimbwa mara mbili au mara tisa. Anachoweza kufanya ni kukusanya vipande vya kiitikio, kuvipima kwenye mizani, na kukadiria. Na kama umemchanganyia nyimbo mbili zenye kiitikio kimoja, hata mizani itamwambia jumla tu. Haitamwambia kipi kilitoka wimbo gani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nitairudia mpaka uichoke: kipande kimoja kilichosomwa lazima kivuke marudio yote na kishike ardhi ya kawaida pande zote mbili. Kikishindwa, ulichonacho ni makadirio, hata kama kompyuta imekuchorea picha nzuri.

Kwa mwenye haraka, picha ya jumla ni hii (PCR ni kunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi ili kipimike; jeli na kapilari hutenganisha vipande kwa urefu; Illumina, PacBio na Nanopore ni mashine za kusoma DNA):

| Njia | Inafaa marudio ya urefu gani | Inapokuangusha |
|---|---|---|
| PCR na jeli au kapilari | makumi hadi besi elfu chache | nzi wenye nakala mbili tofauti. Marudio marefu |
| Usomaji mfupi (Illumina) | chini ya besi 100 hivi | hukunja marudio marefu yakawa mafupi |
| Usomaji mrefu wa HiFi (PacBio) | hadi besi 10,000 na zaidi kidogo | sampuli husafirishwa; DNA safi na ya kutosha |
| Usomaji mrefu wa Nanopore | makumi ya maelfu, wakati mwingine zaidi ya 100,000 | makosa kwenye herufi moja iliyorudiwa mfululizo |
| PCR ya matone | haipimi urefu, inahesabu nakala | haikuambii nakala ziko wapi |
| Jeli ya mipigo, ramani ya DNA inayosomwa kwa mwanga, kupaka rangi kromosomu | laki hadi milioni | haisomi herufi |

Jedwali ni jedwali tu. Tuziingize njia hizi kwenye jeni halisi, maana huko ndiko zinakopigana.

Besi 18: jeni ya saa

Jeni ya period ndiyo ya kwanza ya saa ya mwili kugunduliwa, na Ronald Konopka na Seymour Benzer, mwaka 1971. Kazi iliyofuata juu yake iliwapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young tuzo ya Nobel ya mwaka 2017. Katikati ya jeni hiyo kuna mahali ambapo amino asidi mbili (matofali ya protini), threoni na glisini, zinapokezana: threoni-glisini, threoni-glisini. Kwa nzi wa Ulaya, wengi wana jozi 17 au jozi 20. Wale wa 17 ni wengi zaidi kusini, karibu na Mediterania. Wale wa 20 huongezeka kadiri unavyopanda kaskazini. Majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba saa ya nzi wenye 20 inashikilia mwendo wake vizuri zaidi joto linapobadilika. Ukiwaza hali ya hewa ya kaskazini, inaeleweka.

Kila jozi ni besi sita. Kati ya 17 na 20 kuna besi 18 tu. Hapa usinunue usomaji wa jenomu nzima, yaani DNA yote ya nzi. Praima mbili (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR pa kuanzia), PCR ya kawaida, kisha jeli nzito au, bora zaidi, mashine ya kapilari inayotofautisha vipande hata kwa besi moja. Siku moja unapima nzi wengi kuliko ambao mradi mzima wa jenomu ungekupa kwa bei hiyo.

Usomaji mfupi nao unaweza kufika hapa, kwa shida. Marudio ya jozi 20 ni besi 120, na kipande cha Illumina mara nyingi ni besi 150. Kinachobaki kushika kando ni besi 15 kila upande, tena kama kipande kimeangukia katikati barabara. Vipande vichache vitakuwa na bahati hiyo. Kwa nzi waliosomwa kwa wingi inatosha. Kwa waliosomwa kidogo, utakuwa unabahatisha.

Mimi mwenyewe niliwahi kuangushwa na njia hii rahisi, na si kwa kosa la njia. Nilikuwa mwanafunzi, nimetega nzi kwa ndizi mbivu kwenye chupa ya maji iliyokatwa, nikachukua walio wakubwa kwa sababu nilidhani wana DNA nyingi. Jeli ikatoa mistari mitatu kwa nzi mmoja. Miwili ningeielewa: nakala ya mama na nakala ya baba. Wa tatu ulikaa juu ya yote, hafifu, kama kivuli. Nikadhani nimechafua praima. Nikamwaga, nikaagiza nyingine, nikarudia kwa wiki mbili. Mistari ikabaki mitatu.

Fundi wetu wa maabara, mzee ambaye hakuwahi kuandika makala hata moja, alisimama nyuma yangu akaitazama ile jeli chini ya taa.

"Kijana wangu, nzi hawa ni wa kike au wa kiume?"

"Wakubwa, Mzee. Nadhani majike."

"Na jeni yako iko kromosomu gani?"

Iko kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, dume ana moja. Ule mstari wa juu haukuwa uchafu: uzi mmoja wa nakala ndefu ulikuwa umejishika na uzi wa nakala fupi, ukafanya nundu mahali urefu usipolingana, na kitu chenye nundu hutembea polepole kwenye jeli. Kesho yake nikatumia madume, na kila nzi akatoa mstari mmoja safi. Tangu siku hiyo, swali la kwanza ninalomuuliza mtu yeyote anayepima urefu wa jeni ya nzi ni swali la yule mzee.

Jambo moja PCR haitakuonyesha: nzi wawili wenye jozi 20 wanaweza wasiwe na mfuatano mmoja ndani, kwa sababu threoni na glisini huandikwa kwa tahajia zaidi ya moja. Urefu ni uleule, historia ni tofauti. Ukitaka hilo, soma herufi kwa njia ya Sanger, ile ya zamani inayosoma kipande kimoja kimoja, tena kwa dume, ambaye hana nakala ya pili ya kukuchanganya.

Mamia ya besi hadi elfu: jeni za gundi

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo nilipomshauri mdogo wangu aelekee.

Buu wa nzi huyu akikaribia kuwa bundo hutema gundi kutoka kwenye tezi za mate, akajibandika mahali alipochagua. Umeshawahi kuosha chupa ya maabara iliyokauka? Basi unaijua gundi hiyo; brashi inapita, maganda yamebaki. Imetengenezwa na protini chache ambazo jeni zake huitwa Sgs. Tatu kati yake, Sgs1, Sgs3 na Sgs4, zina marudio ndani ya sehemu inayoandika protini yenyewe. Kwenye Sgs3 ni amino asidi tano, prolini, threoni tatu na lisini, zinazojirudia kwa kukosea hapa na pale. Kwenye Sgs4 ni rudio la besi 21, sawa na amino asidi saba. Threoni nyingi hizo hubebeshwa sukari, na sukari ndizo zinazoipa protini tabia ya makamasi mazito.

Idadi ya marudio haya si moja kwa nzi wote. Ukoo mmoja unayo mengi, mwingine machache, na protini inatoka ndefu au fupi ipasavyo. Sehemu za kando ya jeni hazibadiliki hivyo. Kwa mtu anayependa kuuliza kama urefu una maana kwa maisha ya nzi, hapa swali linagusika kwa mkono: unaweza kupima urefu wa jeni, kisha ukavuta bundo na kupima nguvu ya gundi.

Sasa weka Illumina na HiFi ubavu kwa ubavu kwenye jeni hizi. Kipande cha besi 150 kikiingia kwenye marudio ya besi 15 kinabeba marudio kumi tu, bila kingo yoyote. Programu ya kuunganisha vipande ikikuta vingi vya namna hiyo hufanya kile ambacho yeyote angefanya kwa kiitikio: inavilaza juu ya vingine na kuandika kiitikio kimoja kifupi. Jeni inatoka imekunjwa, na hakuna taa nyekundu inayowaka. Ndiyo hatari yake. Njia inayokataa kufanya kazi haikudhuru. Inayokupa jibu safi lisilo kweli ndiyo inayokuingiza kwenye jarida na kukutoa humo kwa aibu.

Kuna dalili moja ya kukuokoa. Ukirudisha vipande juu ya jeni iliyounganishwa, mahali palipokunjwa patakuwa na rundo lisilo la kawaida. Jirani zake wana vipande 30 kila besi, pale pana 90: basi huenda urefu wa kweli ni mara tatu. Hayo ni makadirio ya mizani niliyoyasema. Tumia kuchagua nani wa kumpima vizuri, usiyatumie kuripoti urefu.

Kipande cha HiFi ni besi 15,000 hadi 20,000. Kinameza Sgs3 nzima, na majirani zake wawili, Sgs7 na Sgs8, walioko karibu kwenye kromosomu ya tatu. Hakuna cha kukadiria. Unahesabu marudio kama punje za tasbihi. Mwaka 2018 kikundi cha Mahul Chakraborty na J. J. Emerson huko Irvine, California, kilisoma kwa usomaji mrefu ukoo mmoja wa nzi uitwao A4, na kukuta tofauti nyingi za muundo ambazo usomaji mfupi ulizipita bila kuziona, zikiwemo zilizo ndani ya jeni zenye kazi inayojulikana. Kwa hiyo tatizo halikuwa la ufukara wa data. Vipande vilikuwa vingi, vifupi.

Na PCR? Kwenye Sgs inafaa, kwa masharti. Kimeng'enya cha PCR nacho huteleza kwenye marudio, kwa hiyo badala ya mstari mmoja unaweza kupata ngazi ya mistari hafifu. Na nzi mwenye nakala ndefu na fupi, ile fupi hunakiliwa haraka na kuimeza ndefu. Ukisema "nzi huyu ana urefu mmoja" utakuwa umedanganywa. Sgs4 iko kwenye X, kwa hiyo dawa ni ileile: madume. Sgs3 haiko kwenye X, kwa hiyo hata dume ana nakala mbili. Huko tafuta ukoo uliozalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi mpaka nakala zimefanana.

Besi 5,000: mgeni ndani ya introni

Jicho jeupe la Morgan, mwaka 1910, ndilo lililoitambulisha jeni ya white. Jeni hiyo ina aina nyingine maarufu, white-apricot, ambayo jicho lake ni la rangi ya chungwa lililopauka. Sababu ni transpozoni iitwayo copia, besi karibu 5,000, iliyojipachika ndani ya introni, sehemu ya jeni inayokatwa na kutupwa kabla protini haijatengenezwa. Kwenye ncha zake mbili copia ina vipande vya besi 276 vinavyofanana kabisa. Vipande hivyo vikikutana, katikati huchomoka na kimoja hubaki peke yake. Nzi wa namna hiyo wamepatikana: copia imeondoka, kovu la kipande kimoja limebaki kwenye introni, na rangi ya jicho imerudi kuelekea wekundu. Jeni moja, urefu wa aina tatu, na jicho linakuonyesha.

Hapa ushindani si mkali. PCR ya masafa marefu inatosha ukijua pa kuweka praima. Usomaji mfupi utakuambia kwamba copia ipo na mahali ilipoingia, kwa kuwa vipande vya mpakani huonyesha jeni upande mmoja na copia upande wa pili. Hautakuambia kama ni copia nzima au imemegeka katikati. Kwa usomaji mrefu, wowote kati ya hiyo miwili, ni kazi ndogo.

Besi milioni: jeni ya mkia wa mbegu

Sasa hesabu zinatoka nje ya meza. Kromosomu Y ya nzi huyu ina besi karibu milioni 40, karibu zote marudio, na jeni za protini hazifiki 20. Dume asiye na Y anaishi, anaonekana dume, ila ni tasa. Moja ya jeni hizo, kl-3, inaandika protini ya injini ya mkia wa mbegu ya kiume, na mkia si mdogo: mbegu ya nzi huyu ina milimita karibu 1.9, wakati nzi mwenyewe hafiki milimita tatu.

Sehemu ya kl-3 inayoandika protini ni besi 14,000 hivi. Jeni nzima inapita milioni 4. Kinachoijaza ni introni zilizojaa DNA satelaiti, maneno mafupi ya besi tano tano yanayorudiwa mfululizo, mengine kwa besi laki na laki. Piga hesabu: kimeng'enya cha kunakili RNA kwa nzi hutembea karibu besi 1,400 kwa dakika. Milioni 4 ni dakika 2,857, karibu siku mbili usiku na mchana, kuandika nakala moja ambayo karibu yote itakatwa na kutupwa. Seli ya mbegu hutumia siku tatu na ushee katika hatua hiyo, na sasa unaelewa inachosubiri.

Jenomu ya nzi ilipochapishwa mwezi Machi 2000, jeni za Y zilikuwa zimesambaa kwenye vipande visivyojulikana ni vya wapi. A. Bernardo Carvalho na Andrew Clark pamoja na wenzao walizikusanya ekzoni kwa ekzoni, yaani zile sehemu zinazobaki introni zikikatwa. Mashine ziliona vituo, hazikuona njia kati ya kituo na kituo.

Nani ashindane hapa? PCR imetoka. Illumina imetoka. HiFi ya besi 20,000 ikitumbukia katikati ya besi laki tano za neno moja ni sawa na mtu katikati ya bahari bila kuona pwani yoyote. Nanopore ina nafasi, kwa kuwa inaweza kusoma besi zaidi ya 100,000 kwa mkupuo, na rekodi yake imepita milioni 4. Lakini rekodi ni rekodi, hutajenga tasnifu juu ya kipande kimoja cha bahati. Zaidi ya hapo, maneno mafupi yaliyorudiwa hivyo huyumbisha mashine zote, na baadhi ya satelaiti hutoka pungufu kwenye data kuliko zilivyo kwenye nzi.

Kwa milioni ninarudi kwenye njia ambazo vijana huziona za kizee. Jeli ya mipigo ya umeme, ambapo DNA huachwa ndani ya donge la agarosi isikatike, hutenganisha vipande vya laki hadi milioni. Kupaka rangi kromosomu za ubongo wa buu hukuonyesha satelaiti ipi imekaa wapi. PCR ya matone hugawa sampuli katika matone karibu 20,000 na kuhesabu yaliyowaka; kwa idadi ya nakala haina mpinzani, kwa urefu haina neno. Ukitaka namba kamili, herufi kwa herufi, ya introni ya kl-3 kwa nzi mia, nitakuambia ukweli: badilisha swali.

HiFi au Nanopore?

Swali hili ndilo watu hulitaka kwanza, nami nimeliacha hadi hapa kwa makusudi.

HiFi hufunga DNA iwe duara na kuizunguka mara nyingi, kisha inalinganisha mizunguko. Usahihi wake unafika asilimia 99.9. Nanopore huvuta uzi mmoja kupitia tundu la protini na kusikiliza umeme unavyobadilika. Kemia zake za karibuni zinakaribia asilimia 99 kwa kipande, na udhaifu wake ni herufi moja ikijirudia, A A A A A A A A, ambapo hupoteza hesabu. Kwa marudio ya besi 15 au 21 udhaifu huo hauumi sana. Ukisoma vya kutosha, vipande vinasahihishana.

Kwa hiyo kwa jeni za gundi zote mbili zinafika. Kinachoamua ni mazingira. Mashine nyingi za PacBio ni kubwa kama friji, hazipo kila mji, na DNA yako itasafiri. MinION ya Nanopore inakaa kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta. Mwaka 2021 Bernard Kim na wenzake walichapisha jenomu 101 za jamii hii ya nzi kwa kutumia Nanopore kama uti wa mgongo, kwa hiyo hakuna tena wa kukuambia ni kifaa cha kuchezea. Mimi, nikiwa na maabara yenye umeme wa wasiwasi na ndege za mizigo za kusubiri, ningechukua Nanopore. Nikiwa na koo chache za nzi na mshirika mwenye PacBio, HiFi bila kusita, kwa sababu ya usiku ambao sitautumia kusahihisha makosa.

Ila urefu unaosomwa na mashine hauzidi urefu wa DNA uliyoiweka. Nzi mmoja ana uzito wa miligramu moja tu, kwa hiyo utaponda makumi wa ukoo mmoja. Ponda taratibu, usitikise, kata ncha ya pipeti iwe pana. Nimeona mtu akizungusha mrija kwenye mashine ya mtikiso kwa mazoea, sekunde kumi tu, na usomaji mrefu ukageuka usomaji mfupi wa bei kubwa.

Kabla hujalipa popote

Kuna data ya bure. Koo 205 za nzi kutoka Raleigh, North Carolina, zimesomwa kwa usomaji mfupi na kuwekwa wazi, na nzi wenyewe hupatikana kwa barua kutoka hifadhi ya Bloomington, Indiana. Kwa wanaopenda nyumbani kwake, kuna jenomu 197 kutoka Siavonga, Zambia, kando ya ziwa Kariba. Tumia mizani ya rundo kwenye hizo kwanza.

Na angalia unachoponda. Kwenye tezi za mate za buu kromosomu hunakiliwa zaidi ya mara elfu bila seli kugawanyika, lakini satelaiti hazinakiliwi nazo. Ukipima wingi wa satelaiti kwa tishu hiyo utapata upungufu ambao haupo kwenye nzi. Tumia viinitete, au vichwa vya nzi waliokomaa.

Mdogo wangu amechagua Sgs4. PCR kwa nzi wote wa chupa zake tatu, kisha Nanopore kwa wachache: mrefu kabisa, mfupi kabisa, na wawili wa katikati. Jana alinitumia picha ya jeli yake ya kwanza kwa simu, mstari mmoja kwa kila nzi, na maneno mawili chini yake: "Madume, kaka."